Ajanta kwa siku moja: Jumatatu pamefungwa, na giza la mapangoni lina masharti yake

Swali: Habari za kazi. Mwezi wa nane tunampeleka binamu yangu Mumbai kwa matibabu. Tutapokezana kumwangalia hospitali, kwa hiyo mimi na shangazi tutakuwa na nafasi kuanzia Jumapili jioni hadi Jumatano asubuhi. Ninataka tuone mahekalu ya kale ya Wabudha yaliyochongwa mapangoni. Nimepanga Jumatatu twende Ajanta, Jumanne Ellora, usiku turudi Mumbai. Shangazi ana miaka 64 na goti moja linamsumbua. Je, ratiba hii inawezekana? Tuanze na mapango yapi, maana nasikia yako kama thelathini na wengi hutoka wakisema wameona giza tu? Halafu sisi ni Waislamu: kuvua viatu na kuingia mle si kushiriki ibada yao?

Jibu: Inawezekana, ila umeipanga kinyume. Ajanta hufungwa kila Jumatatu. Ellora hufungwa kila Jumanne. Kwa ratiba yako ungefika kwenye mageti mawili yaliyofungwa kwa siku mbili mfululizo, na si wewe wa kwanza kupanga hivyo. Geuza tu: Jumatatu Ellora, Jumanne Ajanta. Kila kitu kingine kinakaa sawa, na safari ya kurudi inakuwa rahisi zaidi kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Mji wa kufikia ni Aurangabad, jimbo la Maharashtra. Siku hizi jina lake rasmi ni Chhatrapati Sambhajinagar, kwa hiyo ukitafuta treni au hoteli jaribu majina yote mawili, vinginevyo utaambiwa hakuna safari ilhali zipo. Kutoka Mumbai kwa treni ni saa sita hadi saba hivi, na kwa ndege ni kama saa moja. Kwa kuwa mnatoka Jumapili jioni, treni ya usiku inawafaa: mnalala njiani na kufika alfajiri.

Sasa tiketi za treni, maana hapa ndipo wageni wengi hukwama. Tiketi za India hufunguliwa siku 60 kabla ya safari, na njia hii hujaa. Ukikata, usiangalie kwamba pesa imepokelewa ukadhani umemaliza. Angalia herufi zilizo mbele ya jina lako. CNF maana yake una kitanda. RAC maana yake utapanda, lakini huenda mkagawana kitanda kimoja cha pembeni watu wawili mkiwa mmekaa. WL ni orodha ya kusubiri, na tiketi ya mtandaoni ikibaki WL mpaka orodha ya abiria inapotolewa hufutwa yenyewe, na huruhusiwi kupanda. Kwa hali ya shangazi chagua daraja la 2A au 3A, yaani mabehewa ya vitanda yenye kiyoyozi, na kwenye fomu omba kitanda cha chini. Kitanda cha juu hupandwa kwa vingazi vya chuma vyembamba, na goti bovu halina kazi huko. Mkishindwa kukata mtandaoni kwa kadi ya nyumbani, nendeni na pasipoti kwenye ofisi ya tiketi ya kituo kikuu cha Mumbai, kile cha CSMT, mkaulizie nafasi zinazotengwa kwa watalii wa kigeni.

Pasipoti halisi muwe nayo muda wote, pamoja na nakala ya viza. Hoteli nchini India inalazimika kumsajili kila mgeni wa nje kwa mamlaka, na nyumba ndogo za wageni zisizo na utaratibu huo zitawakataa hata kama vyumba vipo. Kabla ya kulipia chumba uliza waziwazi kama wanapokea wageni wa kigeni.

Jumatatu ya Ellora sitaichambua sana kwa kuwa hukuniulizia hasa. Iko kilomita 30 hivi kutoka mjini. Mapango yaliyopewa namba ni 34: namba 1 hadi 12 ni ya Wabudha, 13 hadi 29 ya Wahindu, na 30 hadi 34 ya Wajaini. Katika yale ya Wabudha msikose namba 10, ukumbi wa ibada ambao dari lake la mwamba limechongwa mbavu mfano wa boriti za mbao. Namba 16, Kailasa, si pango hasa. Ni hekalu zima la Kihindu lililochongwa kutoka juu ya mlima kushuka chini. Mkimaliza hayo mawili rudini mjini mkapumzike. Jumanne mtaamka mapema.

Ajanta iko kilomita 100 na kidogo kaskazini-mashariki ya Aurangabad. Kwa gari dogo weka saa mbili na nusu, na kwa basi la shirika la jimbo saa tatu. Mwenye goti bovu nampendekezea gari la kukodi, lakini kabla ya kuondoka mkubaliane kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, kwamba bei inajumuisha maegesho, ushuru wa barabara na muda wa kusubiri. Mwambieni dereva kwamba hamrudi Aurangabad: mkitoka mapangoni awapeleke Jalgaon, mji ulio kilomita 60 hivi upande wa pili. Atawatoza kilomita za kurudi na gari tupu, na huo ndio utaratibu wa kawaida kule. Jalgaon iko kwenye reli kuu ya kuingia Mumbai na treni za usiku ni nyingi kuliko za Aurangabad.

Mkichagua basi, msimwambie kondakta “Ajanta” peke yake. Kipo kijiji kiitwacho Ajanta, au Ajintha kwa matamshi ya wenyeji, kilomita zaidi ya kumi kabla ya kufika mapangoni, na kondakta atawashusha hapo kwa nia njema kabisa. Semeni “Ajintha leni”. Leni kwa Kimarathi ni mapango ya kuchongwa. Mtashushwa kwenye njia panda karibu na Fardapur.

Kwenye njia panda hiyo magari yote ya wageni huishia, kupunguza moshi bondeni. Mnalipa ada ndogo ya eneo, mnapita katikati ya vibanda vya biashara, kisha mnapanda basi maalumu la mapangoni kwa kilomita nne. Nauli ni rupia chache, nayo hulipwa taslimu, kwa hiyo wekeni noti ndogondogo. Wahindi wengi hulipa kwa simu kupitia akaunti zao za benki, na mgeni asiye na akaunti ya huko hubaki anahangaika na noti ya 500 ambayo hakuna mwenye chenji yake.

Dirisha la tiketi liko mnaposhukia basi hilo. Mgeni hulipa rupia 600, pungufu kidogo akilipia mtandaoni. Mtaona pia bei ya rupia 40. Hiyo ni ya raia wa India na wa nchi jirani zilizo katika jumuiya zao za kikanda. Sisi wa Afrika Mashariki hatumo, msipoteze muda kubishana. Watoto chini ya miaka 15 hawalipi. Pana chumba cha kuweka mizigo karibu hapo, na begi lazima liwe na kufuli. Chooni nendeni hapohapo, na chai mnywe hapohapo, kwa kuwa juu hakuna kula.

Mapango hufunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa kumi na moja na nusu jioni. Ondokeni Aurangabad saa kumi na mbili asubuhi kamili. Mabasi ya watalii kutoka mjini humwaga watu kuanzia kama saa nne na nusu. Hiyo saa moja na nusu ya mwanzo ndiyo mali yenu.

Kuhusu goti. Kutoka dirisha la tiketi hadi pango la kwanza kuna ngazi za mawe, na hizo ndizo kali kuliko zote. Baada ya hapo njia inafuata ukuta wa mlima kama nusu kilomita, ikipanda na kushuka kidogo kila baada ya mapango machache, na ndani ya kila pango kuna vizingiti vya kuvuka. Anayetembea polepole sokoni ataweza, akipumzika. Asiyeweza, chini ya ngazi wapo wabebaji wenye machela: kiti kilichofungwa kwenye miti miwili, kinabebwa na watu wanne. Mkubaliane bei ya kwenda na kurudi, idadi ya mapango watakayosimama, na kwamba watasubiri. Wasipoambiwa watasubiri, watamshusha pango la 26, mwisho wa njia, wakachukue mteja mwingine. Agosti ni katikati ya mvua, mawe yana utelezi wa ukungu wa kijani, kwa hiyo shangazi avae viatu vyenye soli ya mpira inayoshika, lakini visivyo na kamba, maana atavivua na kuvivaa mara nyingi.

Sasa hilo la giza, ambalo ndilo swali lako lenyewe hata kama umelitaja kwa kupita.

Wanaosema Ajanta ni giza tu hawadanganyi. Wameingia kutoka kwenye mwanga wa mchana, wamezunguka ukumbi kwa dakika tatu, wametoka. Kwa dakika tatu jicho halijaona kitu. Mboni hupanuka kwa sekunde chache, lakini ile ngozi ya ndani ya jicho inayopokea mwanga huchukua dakika tano hadi kumi kuanza kuona vizuri gizani, na karibu nusu saa kufikia uwezo wake wote. Taa za mle ni hafifu kwa makusudi, kwa kuwa mwanga mkali huchujua rangi. Mtu aliyekagua mapango 26 kwa dakika tatu tatu ameona kidogo kuliko aliyekaa robo saa katika mapango manne. Hii ndiyo sababu nasema msihesabu mapango.

Fanyeni hivi. Njiani vaeni miwani ya jua na kofia yenye ukingo, na mvivue mkishavuka mlango. Mkiingia simameni pembeni, mgongo mkiuelekeza mlangoni, mfumbe macho dakika moja. Simu ibaki mfukoni, kwa sababu ukiwasha kioo chake mara moja tu jicho linaanza hesabu upya. Angalieni kwanza dari, maana mara nyingi ndilo lililobaki zima zaidi, ndipo mshuke ukutani. Mkiona kundi kubwa limeingia na mwongozaji wake, msitoke. Subirini. Katika mapango yenye michoro walinzi huruhusu watu wachache kwa wakati na huwasukuma watoke mapema, kwa hiyo ukumbi hujaa na kutulia kwa zamu.

Picha zinaruhusiwa bila flashi na bila stendi ya kamera. Flashi ikiwaka mlinzi atapiga kelele, na ana haki. Tochi ndogo mwe nayo kwa ajili ya sakafu na mapango yasiyo na rangi, lakini msiielekeze kwenye mchoro.

Ili kuelewa kwa nini wanakaza hivyo, inafaa kujua ukuta ule umetengenezwaje. Mwamba wenyewe ni basalti, lava ya kale iliyoganda. Waliochonga waliuacha na alama za tindo ili lipu ishike. Juu yake wakapiga lipu ya udongo uliochanganywa na pumba za mpunga, majani na nyuzi za mimea, kama anavyofanya mtu anayekandika nyumba ya miti kwetu. Kisha lipu laini zaidi, kisha weupe mwembamba. Msanii alichora mistari kwa rangi nyekundu, akajaza rangi zilizokorogwa kwa gundi, akamaliza kwa kukazia mistari. Nyekundu na njano zilitokana na udongo wa kawaida, nyeusi na masizi, kijani na jiwe la hapohapo. Bluu ndiyo iliyotoka mbali: ni jiwe la lazuli kutoka Badakhshan, Afghanistan. Mkiona bluu, mjue mfadhili wa pango hilo alikuwa na uwezo.

Shida ni kwamba yote hayo yalifanywa juu ya lipu iliyokwisha kukauka. Rangi imekaa juu, haikuzama ndani. Unyevu hulegeza gundi, wadudu hula pumba, chumvi ya mwamba husukuma lipu kutoka nyuma, na kipande hudondoka kizima. Kidole chenye jasho kinatosha kuondoka na rangi. Pumzi za watu mia tatu ukumbini ni maji tosha. Na ule weusi wa rangi ya asali mtakaouona sehemu nyingi si uzee peke yake: wanakili wa karne ya 19 na wahifadhi wa miaka ya 1920 walipaka vanishi ili michoro ing'ae, vanishi ikageuka rangi na kunasa vumbi. Wataalamu wamekuwa wakiiondoa kidogo kidogo. Ndiyo maana katika ukuta uleule kuna mahali panang'aa na mahali pana ukungu.

Kwa mpangilio wa kutembea, umati hufuata namba kuanzia 1. Namba zenyewe hazina uhusiano na umri. Zilipangwa tu kufuata njia. Anzeni 1 na 2 kabla hawajafika, kisha mruke yote hadi 17 na 16, halafu 19, 24 na 26. Mkirudi, malizieni na 10 na 9. Wakati wao wako kwenye 1, nyinyi mko 17. Wakifika 17 nyinyi mko mwisho wa bonde. Weka saa nne kwa jumla, pamoja na mapumziko ya shangazi.

Pango la 1 ni nyumba ya watawa ya karne ya 5, ukumbi wa mraba wenye nguzo 20. Nendeni moja kwa moja hadi ukuta wa mwisho, unaotazamana na mlango. Kushoto kwa mlango wa chumba cha ndani amesimama Padmapani, mtakatifu wa Kibudha, ameshika ua la yungiyungi, macho ameyainamisha. Huyu ndiye aliyechapishwa kwenye vitabu na mabango yote. Kulia ni mwenzake, Vajrapani. Simameni mita tatu nyuma, si karibu, kwa kuwa umbo limepangwa kuonekana kwa mbali kidogo. Mkisogea linakuwa madoa. Ndani kuna Budha aliyechongwa akifundisha. Mlinzi akimulika taa kushoto, kulia, kisha chini, uso unaonekana kubadilika kutoka uzito hadi tabasamu. Ni mchezo wa vivuli, lakini ni mchezo mzuri, na atatarajia rupia kidogo. Kabla ya kutoka, tafuteni nguzo upande wa kulia yenye paa wanne waliochongwa wakitumia kichwa kimoja. Mkiziba miili mitatu kwa kiganja, kila aliyebaki kichwa kinamtosha.

Pango la 2 mnaliangalia shingo ikiwa juu. Dari limechorwa duara ndani ya duara mfano wa kitambaa cha hema kilichotandazwa, na msanii amekionyesha kama kimelegea kidogo katikati.

Pango la 17 lipeni nusu saa. Ndilo lenye michoro mingi iliyosalia, na kuta zake zimejaa visa vya maisha ambayo Wabudha huamini Budha aliyaishi kabla ya kuzaliwa kwake kwa mwisho. Vimechorwa bila fremu. Hakuna mstari wa kukutenganishia tukio na tukio. Kisa hakitembei kutoka kushoto kwenda kulia kama maandishi, bali kwa mahali: yote yaliyotukia ikulu yamekaa pamoja, yote ya msituni pamoja, na mtu yuleyule anaonekana mara nne tano. Bila kulijua hilo mtaona vurugu ya watu. Mkishalijua, mtafuteni Vishvantara, mwana wa mfalme aliyegawa mali yake yote hadi watoto wake. Halafu nendeni kwenye kijichumba kilicho mbele ya patakatifu. Hapo Budha amerudi katika mji wa kwao, amesimama na bakuli la kuombea chakula mbele ya mkewe na mwanawe aliowaacha. Yeye amechorwa mkubwa kuliko mlango. Wao ni wadogo, mtoto anasukumwa mbele na mama yake, uso ameuinua. Ni mchoro usiohitaji mwongozaji.

Pango la 16, jirani yake, lina maandishi ya Varahadeva, waziri wa mfalme Harishena wa ukoo wa Vakataka. Maandishi ya namna hiyo ndiyo yaliyowezesha kujua kwamba sehemu kubwa ya mapango haya ilichongwa kwa kasi, katika nusu ya pili ya karne ya 5. Harishena alipofariki, kazi ikasimama. Ushahidi mko nao hatua chache mbele, pango la 24: nguzo nusu zimechongwa, nusu ni mwamba, njia za tindo zimeachwa wazi sakafuni. Watu hulipita bila kulitazama kwa sababu halina picha. Mimi nalipendekeza kuliko mengi yaliyokamilika, kwa kuwa hapo ndipo mtaona walivyofanya: walianza na dari, wakashuka, hivyo hawakuhitaji jukwaa la kusimamia. Kosa moja la tindo halikuwa na kiraka.

Pango la 19 lina uso mzuri wa nje wenye dirisha kubwa la kiatu cha farasi. Linapigwa picha vizuri kutokea uani. Lile la 26 ni ukumbi mkubwa wa ibada. Ukutani kushoto amelala Budha wa jiwe, urefu wa mita saba hivi, katika saa yake ya mwisho. Ameegemea ubavu wa kulia, mkono chini ya shavu, na mto umebonyea pale kichwa kilipolala. Chini yake wafuasi wanalia. Safu ya juu, viumbe wa mbinguni wanafurahi. Shangazi akae hapa apumzike. Sakafu ni tambarare na pana ubaridi.

Pango la 10 ni la zamani zaidi, kabla ya Kristo. Mtaona tofauti mara moja: stupa, yaani kuba la jiwe, limesimama peke yake bila sanamu ya Budha, kwani enzi hizo hawakumchonga kwa umbo la mtu. Kwenye nguzo moja kuna jina la John Smith, askari wa Kiingereza aliyekuwa akiwinda mwaka 1819 akaliona bonde hili, akakwaruza jina na tarehe, Aprili 28. Jina liko juu kuliko kichwa cha mtu mrefu. Hakupanda ngazi, alikuwa amesimama juu ya kifusi kilichojaa ukumbini.

Kuhusu ibada: Ajanta leo si hekalu linalotumika. Ni kumbukumbu ya taifa chini ya idara ya mambo ya kale ya India, na imo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1983. Hakuna kasisi wala sadaka, hakuna anayemwelekeza mgeni ainame. Viatu vinavuliwa kwa heshima ya mahali na kwa ajili ya sakafu na vumbi linalopanda kwenye michoro. Mnaweza kukuta mahujaji Wabudha wakiimba kwa sauti ya chini. Mnasimama kando, mnawaacha wamalize, basi. Mavazi ya kujisitiri mliyozoea yanatosha. Soksi zitawafaa ndani. Kwa swala ya adhuhuri msitegemee kupata mahali rasmi; nafasi ni kule chini karibu na tiketi.

Mengine machache ya njiani. Pale njia panda, mtu mchangamfu atawapa kijiwe cha kung'aa “zawadi”, na jioni atawakumbusha mmeahidi kuingia dukani kwake. Mawe yenyewe, kwazi na zeolaiti, hutoka kweli katika basalti ya ukanda huo na ni mazuri, lakini bei ya kwanza ni ya kupunguzwa sana. Kijiwe msikipokee kama hamna nia. Kima wanatambua mfuko wa plastiki kwa mbali: chakula kiwe ndani ya begi lililofungwa zipu. Mwavuli wa Agosti ni bora kuliko koti la mvua, kwa sababu koti huingia na maji pangoni na kuyamwaga pale msipotakiwa kuyamwaga. Faida ya mvua ni kwamba mto Waghora, uliozungukwa na mapango kama kiatu cha farasi, unakuwa na maji, na maporomoko ya mwisho wa bonde yanasikika kutoka pango la 26.

Tokeni mapangoni kufikia saa tisa alasiri. Basi la kushuka njia panda hujaa jioni, na barabara ya Jalgaon inataka saa moja na nusu au zaidi mvua ikinyesha. Mnapokata tiketi ya Jalgaon kwenda Mumbai, angalieni tarehe kwa makini. Ratiba za India huandikwa kwa saa 24. Treni ya 00:40 “usiku wa Jumanne” kwa hesabu yetu, kwao ni ya Jumatano. Mkikata ya Jumanne 00:40, itakuwa imeondoka zaidi ya nusu siku kabla hamjafika stesheni.

Na ikiwa tiketi za Jumapili zitagoma kabisa, au hali ya binamu haiwaruhusu kwenda mbali, kuna mapango ya Wabudha ya Kanheri ndani ya Mumbai yenyewe, katika hifadhi ya Sanjay Gandhi, Borivali. Ni zaidi ya mia moja. Michoro karibu hakuna, lakini pango la 3 lina Mabudha wawili wa kusimama wenye urefu wa mita saba hivi barazani, na mifereji na matangi ya maji waliyochonga watawa bado yanajaa mvua za Agosti. Mnakwenda na kurudi kwa nusu siku. Nako hufungwa Jumatatu.